RAV4 kwa familia hapa Mombasa: soma namba ya chesi kabla ya kutazama umbo

Swali la ndugu lilikuwa hivi: watu watano nyumbani, makao Kisauni, kazi kisiwani, safari za Kilifi na Voi kila baada ya wiki kadhaa. Achukue RAV4 ya zamani aliyoiona kwa bei nafuu, au ajikaze hadi ya umbo jipya? Na haibridi, ile ya petroli na umeme, itastahimili chumvi ya kwetu? Majibu mengi hapo juu ni "RAV4 ni RAV4, chukua yoyote ile, Toyota haifi". Sikubaliani nayo. Jina ni moja, lakini tangu 1994 zimeshatoka gari sita tofauti chini ya jina hilo, na kila moja ilipona ugonjwa wa iliyotangulia ikaokota wake. Ukijua gari iliyo mbele yako ni ya kizazi gani na imebeba injini gani, umeshajua fundi atakuja kukudai nini.

Kwa hiyo cha kwanza si rangi wala kilomita. Fungua boneti, tafuta kibati cha chesi, soma herufi za mwanzo. SXA ni kizazi cha kwanza. ACA20, ACA21 na ZCA26 ni cha pili. ACA31 na ACA36 ni cha tatu. MXAA na AXAH ni cha tano. Cha nne kina kisa chake, tutakifikia.

Cha kwanza nitakipita haraka. Kilitoka Mei 1994, wakati ambapo gari ya kwenda porini ilikuwa ni ile ya chesi ya ngazi, nzito na ya kurusharusha. Toyota ikachukua bodi ya kujibeba yenyewe kama ya saluni, ikaipa vipuri vingi vya Corolla na Carina, ikaiinua, ikafanya magurudumu yote manne yavute muda wote. Ya milango mitatu ina mm 2,200 kutoka ekseli hadi ekseli; ya milango mitano ilifuata 1995 ikiwa na mm 2,410. Watoto watatu nyuma na mizigo ya Voi, hapo mtabanana. Injini ya 3S-FE ni ngumu kufa: hata taimingi belti ikikatika, valvu hazikutani na pistoni. Badilisha belti kila km 100,000 pamoja na tenshona yake na sili ya krenki ya mbele, basi. Usifanye mzaha huo na 3S-GE, ile ya kasi. Yake ikikatika valvu zinapinda. Zilizobaki mjini kwetu, kinachoziua ni kutu. Inua zulia la miguu ya dereva, bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Ikibonyea, mshukuru muuzaji uondoke.

Kizazi cha pili, Mei 2000, ndicho kilicholeta neno linalowatia mafundi wetu kiwewe: D4. ACA20 na ACA21 za Japani zina injini ya 1AZ-FSE, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Kwa karatasi ni injini nzuri, nguvu za farasi 152, mafuta kidogo. Ubaya wake uko katika hesabu rahisi. Injini ya kawaida injekta zake hupuliza nyuma ya valvu, na petroli huziosha valvu kila inapopita. D4 haina uoshaji huo, na moshi wa EGR unaorudishwa ndani pamoja na mvuke wa oili hugandisha masizi kwenye manifoldi na kwenye valvu mpaka njia ya hewa ibaki nusu. Ndipo gari inatetemeka ikisimama kwenye taa, inazima ukiweka D, asubuhi inawaka kwa shida. Wengi hukimbilia plagi na koili, wanabadilisha seti nzima, tetemeko liko palepale. Dawa ni kuvua manifoldi, kusafisha njia za hewa, throto na valvu ya EGR kwa mkono, kisha kuweka gasketi mpya. Kumwaga chupa ya kusafisha injekta ndani ya tangi hakusaidii hapa, maana petroli hiyo haipiti masizi yalipo.

Ugonjwa wa pili wa D4 ni pampu ya shinikizo kubwa. Sili zake zikichoka, petroli huvujia ndani ya oili. Huu unaupima bila mashine yoyote: chomoa kijiti cha oili, kinuse, tazama kiwango. Oili inayopanda badala ya kushuka, nyepesi kama maji, yenye harufu ya petroli, ni pampu. Gari ya namna hiyo usiiendeshe hadi Mtwapa, seuze Voi. Oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi za krenki.

ZCA26 ya 1.8 haina D4, lakini zile za mwanzo hula oili. Na ACA21 za fowili zina jambo moja wanunuzi hulisahau: zinavuta magurudumu yote wakati wote kupitia kapla, yaani kiungo cha mbele na nyuma, yenye majimaji mazito katikati, hivyo tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huilazimisha kapla kuteleza kila kilomita hadi ichemke. Tairi ziwe nne za saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Kanuni hiyo, kwa fowili yoyote ya RAV4, haijabadilika hadi leo.

Sasa cha tatu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndicho kinachouzwa zaidi mtaani na ndicho naamini ndugu amekiona. Kilianza Japani Novemba 2005. Ya milango mitatu ikaachwa kabisa, nafasi kati ya ekseli ikafika mm 2,560, na fowili ya kudumu ikatupwa: sasa gurudumu la mbele ndilo linalovuta, na la nyuma huitwa na kompyuta kupitia kapla ya umeme pale linapohitajika. Kitufe cha kufunga kipo, lakini hufanya kazi kwenye mwendo mdogo tu, hadi karibu km 40 kwa saa. Kinakutosha kwenye mchanga wa njia ya ufukweni, zaidi ya hapo usikitarajie. ACA31 ni fowili, ACA36 huvuta mbele tu. Ukiona yenye viti saba na pua tofauti kidogo, hiyo ni Vanguard, ndugu yake mrefu wa mm 2,660 kati ya ekseli, iliyouzwa 2007 hadi 2013. Yote nitakayosema kuhusu injini ya 2.4 inaigusa nayo.

Injini ni 2AZ-FE, 2.4, nguvu 170, petroli ya kawaida isiyo D4. Kwa hilo pekee ni nafuu kubwa. Ina makosa mawili ya kuzaliwa, na yote mawili unaweza kuyatafuta kabla ya kutoa pesa.

Kosa la kwanza ni kula oili. Ringi za chini za pistoni, zile za kukwangua oili, zina matundu madogo ya kuirudisha chini. Kwenye injini za miaka ya mwanzo matundu hayo huziba kwa masizi, oili ikabaki ukutani mwa silinda na kuungua. Toyota yenyewe ilikuja kubadilisha umbo la pistoni na ringi, ndiyo maana ya 2010 kuja juu ni afadhali. Kipimo: jaza oili hadi alama ya juu (inameza lita 4.3 pamoja na filta), endesha km 2,000, pima tena asubuhi gari ikiwa imepoa na imesimama mahali pa usawa. Ikipungua lita moja au zaidi, ringi zimekwama. Oili nzito kama 20W-50 hupunguza moshi kwa mwezi mmoja na ndiyo mbinu ya kuuzia. Ukichomoa kijiti ukaona oili inaning'inia kama asali, muulize muuzaji kwa nini. Dawa ya kweli ni kushusha injini na kuweka pistoni na ringi za umbo jipya, au kununua injini nyingine. Anayeweza kuishi na kuongeza nusu lita kila wiki aishi nayo, ila ajue katalaita, kile kisafisha moshi cha eksozi, itaziba mbele ya safari.

Kosa la pili ni baya zaidi na ndilo linalopitwa na watu. Bolti zinazoshika silinda hedi zimefungwa kwenye bloku ya aluminiamu, na kwenye injini za mwanzo uzi ndani ya bloku ulikuwa mfupi. Upande wa nyuma, ule unaotazama dashibodi, ndio unaopata joto zaidi kwa kuwa eksozi iko huko. Uzi unalegea, bolti inang'oka na aluminiamu yake, hedi inanyanyuka kwa unene wa karatasi, kulanti (maji ya kupozea injini) inachirizika nje. Sindano ya joto haipandi mara moja, kwa hiyo mwenye gari anaongeza maji tu kila Jumamosi. Chukua tochi, ingiza macho kati ya injini na ukuta wa dashibodi, tazama mstari ambapo hedi inakalia bloku. Kulanti ya Toyota ni ya waridi; ikikauka inaacha ganda jeupe lenye uwaridi kama chumvi ya jasho kwenye kofia. Ukiliona hapo, si hosi.

Fundi atakwambia "tubadilishe gasketi". Usikubali hivyo hivyo. Gasketi mpya kwenye uzi uliokufa itadumu wiki chache. Kazi inayostahili ni kutoboa matundu ya bolti kwa jigi iliyonyooka, yaani kifaa cha kuongoza drili, kuweka bushi za chuma zenye uzi wa ndani wa M11 kwa 1.5, kwenye matundu yote na si yale mabovu tu, kusawazisha uso wa hedi, kisha bolti mpya. Anayetoboa kwa drili ya mkono bila jigi anapinda tundu, na tundu lililopinda halirekebishiki tena. Zilizotoka baada ya mabadiliko ya 2006 hadi 2007 zina uzi mrefu zaidi na kesi hii huonekana kwa nadra.

Giaboksi ya ACA31 na ACA36 ni CVT: mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Haipendi joto wala oili isiyo yake. Oili ni CVT ya Toyota, TC au FE kulingana na mwaka, na kitabu cha gari kinasema ipi. ATF nyekundu, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ikiingia humo mkanda unateleza kwenye puli na kukwangua chuma, na hakuna kurudi. Kwenye kuibadilisha, usiruhusu mashine ya kusukuma oili kwa nguvu. Fungua nati, acha itoke yenyewe ikiwa vuguvugu, pima kilichotoka kwa jagi la alama, rudisha kiasi kilekile, shusha sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) na kufuta sumaku zake. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa vya kushikika kwa ukucha ni mkanda unaoaga. Ya kununua ijaribuni kwenye mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale, AC ikiwaka na watu wanne ndani. Ikilia juu bila kusonga, au ikitetemeka mnapoanza kupanda kutoka kusimama, rudini mjini taratibu.

Na hapo hapo chini ya ACA, kwa nyuma, kuna mkono wa sospenshoni wa kurekebishia alainimenti. Una nati za kufungia. Mwaka 2012 Toyota iliziita RAV4 hizi kwa maelfu mengi Marekani kwa sababu moja: fundi wa alainimenti asipozikaza sawasawa, uzi unacheza, maji yanaingia, kutu inakula, mkono unaachana na gurudumu linageuka litakavyo. Kule sumu ni chumvi ya barabara za theluji. Kwetu ni hewa ya bahari kila siku ya mwaka. Baada ya kila alainimenti ingia chini mwenyewe, jaribu nati hizo kwa spana, pakeni grisi juu ya uzi. Uzi uliovimba kwa kutu haukazwi; mkono mzima unabadilishwa.

Mlango wa nyuma wa vizazi hivi vitatu hufunguka kwa ubavu huku umebeba tairi la spea. Fungua nusu, unyanyue kwa mikono miwili. Ukicheza, bawaba zimekwisha, na hapo ndipo maji ya mvua ya Mei huingilia hadi kwenye buti.

Sasa kisa cha kizazi cha nne. Kilianza kuuzwa 2013, mm 2,660 kati ya ekseli, mlango wa nyuma ukafunguka kwenda juu na spea ikahamia chini ya sakafu. Lakini Japani hakikuuzwa. Wao waliendelea kuuza kile cha tatu hadi Julai 2016, wakakaa bila RAV4 yoyote, mpaka cha tano kilipoanza Aprili 2019. Maana yake kwetu: kati ya gari za mnada wa Japani zinazoshuka Kilindini, RAV4 ya 2017 au 2018 haipo. Mtu akikuuzia "2018 kutoka Japani", ama imetoka nchi nyingine, ama karatasi imechezewa. Na kwa sheria yetu ya kutoingiza gari iliyozidi miaka minane, ya 2016 haiingii tena tangu mwanzo wa 2024. Ndiyo maana za kizazi cha tatu bei yake mtaani haishuki inavyotarajiwa, na za cha nne unazozikuta nyingi zilinunuliwa mpya hapa Kenya. Hizo si mbaya: nyingi ni 2.0 au 2.5 za petroli, udhaifu unaojirudia ni pampu ya maji kuvuja kwenye ekseli yake. Unafuu mkubwa ni vipuri, maana Harrier ya 2013 hadi 2020 imejengwa juu ya msingi huohuo, na mji umejaa Harrier zilizobomolewa.

Kizazi cha tano ni hatua kubwa kuliko zote. Msingi mpya, bodi ngumu zaidi, mm 2,690 kati ya ekseli, urefu wa mita 4.6. Kwa watu watano ndipo kwa mara ya kwanza anayekaa katikati nyuma hanung'uniki. MXAA52 huvuta mbele na MXAA54 ni fowili. Zote mbili ni 2.0 M20A-FKS, nguvu 171, na CVT yake ina gia moja ya kweli ya kuanzia mwendo, hivyo mkanda haubebi tena uzito wa kuondoka. Ile adha ya mlima wa Kwale imepungua sana. Oili ya injini ni 0W-16, nyepesi. Usikubali mtu akumiminie 20W-50 eti "kwa ajili ya joto la Mombasa". Mirija ya injini hii imepimwa kwa oili nyepesi.

AXAH ndiyo haibridi, 2.5. AXAH54 ina mota ya umeme nyuma, haina shafti ya kati. Kuna kebo nene ya rangi ya chungwa inayopita chini ya gari kwenda kwenye mota hiyo, na kiunganishi chake kwenye gari za 2019 hadi takriban 2021 hushika maji na chumvi. Kutu inakula wavu wa nje wa kebo, kompyuta inawasha onyo la kuangalia mfumo wa haibridi, na kebo haitengenezwi. Hubadilishwa nzima, na ni ghali. Toyota Marekani ililazimika kurefusha dhamana ya kebo hiyo hadi miaka 8. Gari ya mnada ukiletewa hapa haina dhamana hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu wa Kisauni: lami ya Kilifi na Voi haihitaji fowili. Akiwa na uwezo wa kizazi cha tano, atafute AXAH52, haibridi ya kuvuta mbele tu. Haina mota ya nyuma, basi haina kebo ya kuoza. Ni adimu kuliko 54, avumilie kutafuta. Ikikosekana, MXAA52. Akiwa na bajeti ya kizazi cha tatu, ACA36 ya 2010 kuja juu, iliyopitishwa kwenye tochi na kijiti cha oili kama nilivyoeleza. D4 amwachie fundi mwenye muda wake. Cha sita kimezinduliwa Mei 2025, na Japani na Marekani kinauzwa kwa haibridi tu. Kitafika yadi zetu baadaye.

Karatasi ya mnada isomwe vilevile. Herufi S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokula. Gari ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, imeshalamba chumvi ya theluji kabla haijaona bahari yetu, kwa hiyo ulizeni imetoka mkoa gani.

Mengine ni ya utunzaji. Radieta isiongezwe maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na radieta ya aluminiamu huoza kwa ndani ndani ya miaka michache. Tumia kulanti ya waridi iliyochanganywa tayari. Haibridi ina tundu la kupozea betri chini ya kiti cha nyuma, lina kichujio. Mchanga wa pwani na unywele wa zulia hulijaza, livuliwe na kusafishwa kila mnapofanya sevisi, na msiweke mkoba mbele yake.

Anayepita Likoni kwa feri, lango likiwa limelowa maji ya kupwa na kujaa, aoshe chini ya gari kila wiki. Kabla hujalipa mwosha gari muulize maji yake ni ya mfereji au ya kisima. Yakiwa ya kisima, onja tone moja kwenye ulimi. Yakiwa na chumvi, mwambie aoshe juu tu, chini uende kuosha kwingine.